MGONJWA WA SARATANI NA CHAMA CHAKE
Safari ya kutoka mlimani isikatike njiani

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Katika vyama vyetu vingi ipo desturi njema ya kufarijiana. Mwanachama akifiwa, au akifariki yeye mwenyewe, katibu hufungua daftari, mchango hukusanywa, na siku ya mazishi chama huonekana. Hakuna anayebisha juu ya desturi hiyo. Lakini tukilipitia daftari hilo hilo tutauona upungufu mmoja. Ni vigumu kumkuta ndani yake mwanachama aliyepewa nauli ya kwenda kutibiwa wakati bado ana nguvu za kutembea. Sanda tunaichangia, nauli ya hospitali tunamwachia mgonjwa na jamaa zake.

Kwa maradhi mengi upungufu huo huweza kufichika. Kwa saratani haufichiki, maana matibabu yake ni safari ndefu, na mgonjwa anayeikatiza safari hiyo katikati hupoteza sehemu kubwa ya faida aliyokwisha kuipata.

Makala haya yanaieleza safari hiyo jinsi ilivyo kwa mkulima wa milima ya Uluguru, na kwa jamaa zake wanaoishi Kihonda na sehemu nyingine za mji wa Morogoro. Mwisho yanaonyesha mambo ambayo chama cha msingi kinaweza kuyafanya bila kutoka katika kanuni zake.

SARATANI NI UGONJWA GANI?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huzaliwa, hufanya kazi yake, hufa, na nyingine hushika nafasi yake kwa utaratibu. Saratani ni hali ya baadhi ya chembe kuasi utaratibu huo na kuongezeka ovyo. Huanza mahali pamoja kama uvimbe au kidonda, na zisipozuiwa mapema husambaa hadi sehemu nyingine za mwili.

Saratani si laana wala si uchawi. Wala haiambukizwi kwa kushikana mikono, kula chungu kimoja, kufua nguo za mgonjwa au kulala naye nyumba moja. Jambo hili yapasa lisemwe wazi mikutanoni, kwa sababu wako wagonjwa waliotengewa sahani na kikombe katika nyumba walizozijenga wenyewe.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao 40,000 waliugua saratani kwa mara ya kwanza nchini Tanzania. Kati yao, zaidi ya 10,000 walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, na wanawake zaidi ya 6,000 walikufa kwa ugonjwa huo katika mwaka huo mmoja. Tutaitumia saratani hii kama mfano mkuu, kwa kuwa ndiyo inayowapata wanawake wetu wengi zaidi na ndiyo inayozuilika kwa urahisi zaidi. Chanzo chake ni virusi viitwavyo HPV, ambavyo huenezwa kwa kujamiiana. Wengi wanaoambukizwa mwili huvishinda virusi hivyo wenyewe. Kwa wachache hubaki, na baada ya miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, huleta saratani.

SAFARI YA MGONJWA

Tuchukue mfano wa mama mmoja mkulima katika kijiji cha mlimani, tuseme upande wa Matombo au wa Mgeta. Mfano huu si habari ya mtu mmoja, bali ni mkusanyiko wa mambo yanayowapata wengi.

Hatua ya kwanza ni ya ukimya. Mama huyu huona damu isiyo ya kawaida, ama baada ya tendo la ndoa, ama baada ya kukoma hedhi. Baadaye huja maji yenye harufu. Ni maradhi ya mahali pa siri, naye huona aibu kuyataja. Huacha kukaa na wenzake kanisani au msikitini, na huanza kukosa mikutano ya chama. Watu husema ana kiburi siku hizi. Anapokwenda zahanati hupewa dawa za maambukizo ya kawaida. Hurudi mara ya pili na ya tatu, naye hupewa dawa zile zile. Si haki kumlaumu mganga wa zahanati peke yake, kwa maana dalili hufanana na za maradhi mengine, na zahanati nyingi hazina vifaa wala mtumishi aliyefunzwa kumchunguza mgonjwa wa namna hiyo. Katikati ya safari hizo hupita pia kwa mganga wa kienyeji, na huko nako miezi hupita.

Hatua ya pili ni ya shauri. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo mwanamke mgonjwa ana mume wake upande mmoja, na upande wa pili ana wajomba na kaka zake wenye kauli katika mambo ya ukoo na mashamba. Utaratibu huu una nguvu yake, kwani mgonjwa hakosi watu. Lakini linapokuja suala la fedha, upande mmoja huweza kuungojea mwingine. Mume hungoja wajomba waseme, na wajomba hungoja mume aanze. Wakati wanangojeana ugonjwa haungoji.

Hatua ya tatu ni ya kushuka mlimani. Wakati wa masika barabara nyingi za milimani huharibika, na mgonjwa anayetokwa damu hupakiwa kwenye bodaboda au hubebwa kwa machela hadi barabara inayopitika. Akifika mjini hushukia kwa ndugu. Mara nyingi ndugu huyo yuko Kihonda au mtaa mwingine kama huo, katika chumba kimoja au viwili vya kupanga, choo kikiwa cha wapangaji wote. Kutoka hapo hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Daktari humchunguza, na akishuku saratani hukata kinyama kidogo kwa ajili ya kupimwa maabara. Jibu la kipimo hicho halitoki siku ile ile. Huweza kuchukua siku nyingi, hata wiki kadhaa, na bila jibu hilo matibabu ya saratani hayaanzi.

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea. Mgeni aliyekuja kwa siku mbili amekaa wiki tatu. Mwenyeji wake ni kibarua, anapokosa kazi siku moja na chakula hupungua. Mgonjwa huona haya kuendelea kuwa mzigo, huaga kwamba anakwenda kuangalia watoto, hupanda tena mlimani, na jibu lake hubaki hospitali bila mwenyewe. Tukumbuke basi kwamba anayehitaji msaada si mgonjwa peke yake. Ndugu wa Kihonda aliyempokea, ambaye pengine si mwanachama wa chama chochote cha mlimani, anafanya kazi ambayo sisi sote tunainufaikia.

OCEAN ROAD NA MIONZI

Akipata jibu na barua ya rufaa, mgonjwa wa Morogoro hupelekwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 200. Hospitali hiyo ilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na serikali iliifanya kuwa taasisi ya saratani mwaka 1996. Kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee nchini palipotolewa tiba ya mionzi. Siku hizi Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo hutoa tiba hiyo, lakini kwa watu wa Morogoro Dar es Salaam ndiko karibu. Tangu Juni 2024 treni ya umeme imeifupisha safari ya kutoka Morogoro, ingawa haikuifupisha ile ya kutoka kijijini hadi Morogoro.

Wako wanaosema kwamba kupelekwa Ocean Road ni kupelekwa kufa. Msemo huo una sababu. Wagonjwa wengi hufika huko ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, wakati wa kuuponya ukiwa umekwisha kupita au uko karibu kupita. Wanakijiji huona waliokwenda na hawakurudi, huogopa, nao huchelewa zaidi, na kuchelewa kwao huongeza idadi ya wasiorudi. Woga na kuchelewa vinalishana. Saratani ya mlango wa kizazi ikigunduliwa mapema hutibika, na hata ikiwa imeenea kiasi katika nyonga bado wako wanaopona kwa mionzi.

Tiba ya mionzi huwatia watu hofu kwa sababu haionekani. Mgonjwa hulazwa juu ya kitanda, mashine huelekezwa mahali penye ugonjwa, na baada ya dakika chache huteremka. Wakati huo hasikii maumivu. Baadaye huweza kupata uchovu, kichefuchefu, kuharisha au mabadiliko ya ngozi, nayo mambo hayo humpasa ayaeleze kwa wauguzi. Mgonjwa aliyetoka kwenye mashine hiyo habebi mionzi mwilini, na anaweza kumpakata mjukuu wake bila kumdhuru.

Jambo kubwa ni hesabu ya siku. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mionzi ya nje hutolewa kwa kawaida siku tano kila wiki, kwa muda wa wiki tano hivi. Wengi huongezewa dawa ya mishipani mara moja kwa wiki, kisha hufuata mionzi ya ndani, ambayo kifaa chake huwekwa karibu kabisa na ugonjwa. Madaktari hutaka kazi yote hiyo imalizike ndani ya wiki 8. Muda ukirefushwa kwa mapumziko yasiyopangwa, chembe za saratani zilizokuwa zimedhoofika hupata nafasi ya kuongezeka tena, na tumaini la kupona hupungua. Ni sawa na palizi inayoachwa nusu shamba. Magugu yaliyosalia huota na kuivamia hata ile sehemu iliyokwisha kulimwa.

Sasa tujiulize ni kwa nini mtu aliyefika mbali hivyo aache katikati. Mara nyingi hakuikataa dawa. Sera ya afya kwa miaka mingi imewahesabu wagonjwa wa saratani katika makundi yanayostahili msamaha wa gharama katika hospitali za serikali. Lakini nauli, chakula, mahali pa kulala na gharama za msindikizaji hazimo katika msamaha huo. Zaidi ya hayo kuna shamba. Mgonjwa aliyeanza mionzi mwezi Februari hupata habari kwamba mvua zimeanza, mahindi hayajapandwa, na watoto wanakula kwa jirani. Kwa mkulima, kukosa msimu mmoja ni kukosa chakula cha mwaka. Hufanya hesabu yake, hurudi kupanda, na mara nyingi harudi tena Dar es Salaam. Mtu huyo hakufanya ujinga. Alikuwa na mashamba mawili ya kupaliliwa kwa wakati mmoja, na mikono yake ilikuwa miwili tu.

KURUDI NYUMBANI

Mgonjwa aliyemaliza tiba hurudi na kadi ya tarehe za kuonana tena na daktari. Kila tarehe ni nauli nyingine. Yuko pia mgonjwa anayerudishwa kwa kuwa ugonjwa umekwisha kuenea mno. Huyu jamaa zake huambiwa wamtunze nyumbani, na wengi hulielewa neno hilo kama kwamba hakuna tena la kufanya. Si kweli. Kidonda kinaweza kusafishwa na harufu yake kupunguzwa kwa dawa, na maumivu yanaweza kutulizwa.

Kwa maumivu makali ya saratani dawa kuu ni morfini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani kwa vipimo alivyoandikiwa. Kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa na sheria, hupatikana katika hospitali zilizoruhusiwa, na ndugu wa mgonjwa hana budi kuuliza huko. Watu huiogopa wakidhani kwamba inaharakisha kifo. Ikitumiwa kama ilivyoelekezwa haiharakishi kifo, bali humwezesha mgonjwa kulala, kula na kuzungumza na watu wake. Hufunga choo, kwa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Wenzetu wa Uganda walianza huduma ya namna hii mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa maalum wameruhusiwa kuiandika dawa hiyo, ili iwafikie watu wa vijijini. Hapa nchini, Hospitali ya Selian, Arusha, imekuwa ikiwafuata wagonjwa majumbani kwa msaada wa watu wa kujitolea tangu mwaka 1999. Kazi kubwa ya watu hao ni kutembelea, kuosha, kusikiliza na kupeleka habari hospitali, nayo si kazi ya daktari. Hata mwanachama wa kawaida anaiweza akifundishwa.

CHAMA KIFANYE NINI?

Vyama vya ushirika duniani vilipokutana Manchester mwaka 1995 viliongeza katika misingi yao msingi wa saba, yaani kuijali jamii. Katika vijiji vyetu vingi chama cha msingi ndicho chenye orodha ya kaya, kitabu cha fedha, kamati inayokutana kwa tarehe maalum, na siku ambayo karibu kila mtu hufika, siku ya kupima mazao au ya malipo. Chama si hospitali wala hakiwezi kuubeba ugonjwa. Safari kinaweza kuibeba. Tunapendekeza mambo haya:

1. Mkutano mkuu ujadili kuanzisha mfuko wa safari za matibabu, au kutenga sehemu ya mchango wa rambirambi kwa kazi hiyo. Kwa mfano, chama chenye wanachama 200, kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa msimu, hupata shilingi 200,000. Fedha hizo hazitatosha kwa kila jambo, lakini zinaweza kumfikisha mtu hospitali ya mkoa kuchukua jibu lake kabla halijasahaulika.

2. Kanuni za mfuko ziandikwe na kupitishwa kabla mgonjwa wa kwanza hajatokea. Zieleze nani anastahili, kiasi gani, nani anaidhinisha, na stakabadhi zipi zirudishwe. Malipo yatolewe kwa awamu, kufuatana na tarehe za kadi ya hospitali, ili fedha ya wiki ya tano isitumike katika wiki ya kwanza.

3. Siri ya mgonjwa ilindwe. Katika kitabu iandikwe namba ya uanachama na neno "safari ya matibabu" tu. Katibu atakayetaja ugonjwa wa mtu mkutanoni atawafanya kumi wengine wanyamaze.

4. Shamba la mgonjwa lihudumiwe kwa kazi ya ujima. Kabla mwanachama hajaondoka kwenda kwenye mionzi, kamati ikubaliane naye ni nani atakayepanda, nani atakayepalilia na nani atakayewaangalia watoto. Msaada huu hauhitaji shilingi hata moja, na pengine ndio utakaomwezesha kumaliza zile wiki tano.

5. Mwenyeji wa mjini akumbukwe. Debe la mahindi au mkungu wa ndizi unaoshuka na mgonjwa hadi Kihonda humwondolea mgonjwa aibu ya kuwa mzigo, na humpa mwenyeji nguvu ya kumkalisha.

6. Katibu awe na orodha iliyoandikwa: siku za kliniki katika hospitali ya mkoa, karatasi zinazotakiwa, na mahali ilipo ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ambayo humsaidia asiyejiweza kuomba msamaha wa gharama. Aulize pia kila mwaka utaratibu wa bima ukoje, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na mambo yake yanaendelea kupangwa.

KUZUIA NI BORA

Njia mbili za kuzuia saratani ya mlango wa kizazi zimekwisha kufika mikoani. Ya kwanza ni chanjo. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ulianza utaratibu wa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hiyo haizuii uzazi, kama wanavyodai wasemaji wa mitaani.

Ya pili ni uchunguzi. Mhudumu aliyefunzwa hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye dalili za awali hugeuka kuwa nyeupe. Dalili hizo huweza kuondolewa kwa kugandishwa au kwa joto, mara nyingi siku ile ile, kabla hazijawa saratani. Wanaohimizwa zaidi ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wale wanaoishi na virusi vya UKIMWI hata kama ni wadogo kuliko hapo. Chama kinaweza kumwandikia mganga mkuu wa wilaya kuomba kliniki ya kutembelea ije siku ya malipo, wakati akina mama wamekwisha kushuka na mazao.

Kila mwanachama azijue pia dalili nyingine: uvimbe katika titi hata kama hauumi, kidonda kisichopona, chakula kukwama kooni, mkojo kutoka kwa shida kwa mzee mwanamume, na taya la mtoto linalovimba upesi. Mtoto wa namna hiyo asicheleweshwe hata wiki moja, kwa maana saratani hiyo ya taya hukua haraka sana, lakini pia huitikia dawa vizuri.

Ndugu Katibu, katika mkutano ujao, ajenda ya "mengineyo" itakapofika, tafadhali lisome daftari la rambirambi mbele ya wanachama. Kisha uwaulize ni wangapi kati ya waliosomwa majina yao ambao chama kiliwahi kuwapa nauli walipokuwa hai. Jibu litakalotolewa ndilo liwe mwanzo wa mjadala.

Umoja wetu uwe nguvu kwa aliye mgonjwa kama unavyokuwa kwa waliofiwa.